Kurudi kwa Jua: Hesabu ya Mwaka wa Mtu katika Unajimu wa Kihindu na Maneno Yake kwa Kiswahili



1. Utangulizi

Mada ninayoileta mbele yenu huenda ikamshangaza aliyetarajia kusikia habari za ngeli za nomino au minyambuliko ya vitenzi. Nakusudia kuzungumzia hesabu inayotumiwa na wanajimu wa Kihindu kutafuta saa ambayo jua, baada ya kupita mwaka, hurudi mahali hasa lilipokuwa mtu alipozaliwa. Saa hiyo ikishapatikana, huchorwa ramani ya anga, na ramani hiyo ndiyo husomwa kuwa habari ya mwaka mzima unaofuata katika maisha ya mtu huyo. Kwa Kisanskriti elimu hii huitwa varshaphala, yaani matunda ya mwaka.

Mwanaisimu ana sababu mbili za kuingia katika shamba hili. Ya kwanza ni kwamba istilahi nyingi za hesabu hiyo, ingawa zimeandikwa kwa Kisanskriti, ni maneno ya Kiarabu yaliyovaa nguo za Kihindi, na mengi kati yake ni ndugu wa damu wa maneno tunayoyatumia kila siku katika Kiswahili. Ya pili inagusa maisha ya watu. Siku hizi programu za simu hutoa ramani za namna hii kwa dakika moja, na mkazi wa Manyoni, Kiomboi au Singida mjini anaweza kuipata yake bila kuonana na mnajimu. Mtu aliyeambiwa kwamba mwaka wake ni mbaya anaweza kuahirisha ndoa, kuacha biashara au kutoa fedha ili kuondolewa nuksi. Anastahili kujua jambo hilo limehesabiwaje.

Hoja yangu, kwa ufupi, ni hii: hesabu ya kurudi kwa jua inaelezeka yote kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, na mtu akishaelezwa kwa lugha anayoielewa, ataona mwenyewe mahali hesabu inapokoma na kauli ya mnajimu inapoanza. Sitetei utabiri. Sayansi haijapata ushahidi kwamba mahali pa sayari huamua bahati ya mtu. Lakini hesabu yenyewe ni ya kweli, ina historia ndefu, na inastahili kufahamika.

2. Miaka mingi katika nchi moja

Watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuishi na miaka zaidi ya mmoja kwa wakati uleule. Kuna mwaka wa miladi wa ofisini na shuleni. Kuna mwaka wa Hijria unaofuata mwezi, wenye siku 354 au 355, na ambao kwa sababu hiyo hutangulia mwaka wa jua kwa siku 10 au 11 hivi kila unapokwisha. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, waliofungua maduka katika miji mingi ya nchi yetu, huufuata pia mwaka wa Vikram, na Wahindu miongoni mwao hufungua vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali.

Pwani kuna mwaka mwingine, wa jua, unaoanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Jina hilo ni la Kiajemi na maana yake ni siku mpya. Makunduchi, Unguja, siku hiyo huadhimishwa kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Katika hesabu ya jadi mwaka huu una siku 365 kamili, bila siku ya kuongezwa. Hugawanywa katika mafungu 36 ya siku kumi kumi, na kila fungu huitwa mwongo. Mwishoni zinabaki siku 5 za kuukamilisha mwaka. Mabaharia na wakulima walihesabu pepo za kaskazi na kusi, na majira ya kupanda, kwa miongo hiyo. Msomaji wa magazeti ya leo anapokutana na maneno "miongo miwili iliyopita" huelewa miaka ishirini. Neno limehama kutoka siku kumi hadi miaka kumi, lakini kumi yake imebaki palepale.

Kwa kuwa mwaka wa Nairuzi una siku 365 tu, na jua huhitaji karibu robo ya siku zaidi, Siku ya Mwaka hurudi nyuma kwa siku moja kila baada ya miaka 4 hivi tukiilinganisha na kalenda ya miladi. Robo hiyo ya siku ndiyo kiini cha mhadhara wetu. Anayetaka kujua jua limerudi lini hawezi kuridhika na tarehe. Ni lazima aihesabu robo hiyo kwa saa, dakika na sekunde.

3. Jua la utosini hapa Singida

Kabla ya kufika kwenye hesabu ya wanajimu, tuanze na kurudi kwa jua ambako kila mtu anaweza kukuona kwa macho yake. Mji wa Singida uko karibu nyuzi 4 na dakika 49 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza karibu na tarehe 8 Machi, likiwa njiani kwenda kaskazini, na mara ya pili karibu na tarehe 5 Oktoba, likirudi kusini. Mwalimu akisimamisha fimbo iliyonyooka katika uwanja wa shule siku hizo, wanafunzi wataona kivuli chake kikifupika mpaka kikakaribia kutoweka.

Jambo hilo halitatokea saa 6 kamili mchana. Saa zetu za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Singida iko karibu nyuzi 34 na dakika 45. Tofauti hiyo huichelewesha adhuhuri yetu kwa dakika 41. Mwendo wa dunia usio sawa mwaka mzima huongeza dakika nyingine 10 au 11 mwezi wa Machi. Kwa hiyo kivuli cha fimbo hukoma kufupika karibu saa 6 na dakika 50 mchana. Mwezi wa Oktoba mwendo huohuo hupunguza badala ya kuongeza, na adhuhuri huja karibu saa 6 na nusu.

Mwaka unaopimwa kwa kivuli namna hii ni mwaka wa majira. Urefu wake ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Ndio mwaka wa mkulima wa alizeti na mtama, kwa sababu mvua hufuata jua. Uhusiano wa watu wa Singida na jua umewahi kuandikwa na wataalamu: mwaka 1967 Marguerite Jellicoe alichapisha katika jarida la Transition makala juu ya Wanyaturu na namna wanavyolisifu jua. Neno lenyewe ni la kale mno. Jua la Kiswahili, dzuwa la Kichewa, zuva la Kishona na riũa la Kikikuyu yote yanatokana na shina moja la Kibantu. Konsonanti iliyobaki kuwa v katika Kishona imedondoka katika lugha yetu.

Kuna mwaka mwingine unaopimwa kwa nyota. Hapo hatuulizi jua limerudi lini utosini mwetu, bali limerudi lini mbele ya nyota zilezile. Mhimili wa dunia huzunguka polepole kama pia inayoelekea kuanguka, na kwa sababu hiyo miaka hii miwili hailingani. Mwaka wa nyota una siku 365, saa 6, dakika 9 na sekunde 10: umezidi ule wa majira kwa dakika 20 na sekunde 25. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mwaka mmoja. Lakini ikilimbikizwa, nyota na majira huachana kwa nyuzi moja kila baada ya miaka 72 hivi, na leo mwachano huo umekaribia nyuzi 24. Wahindu huuita ayanamsha.

Hapo ndipo njia za wanajimu zinapogawanyika. Wanajimu wengi wa Ulaya na Marekani hufuata mwaka wa majira. Wanajimu wa Kihindu hufuata mwaka wa nyota. Kamati ya Kurekebisha Kalenda ya India, iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ilipendekeza kipimo kimoja cha ayanamsha kwa matumizi rasmi, na kalenda ya taifa iliyotokana na kazi hiyo ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Hata hivyo, wanajimu hawakukubaliana wote, na vipimo vingine vingali vinatumika.

4. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Tuseme mtu alizaliwa Singida siku ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1966, saa 3 kamili asubuhi. Tunataka kujua jua lilirudi lini mahali pake alipotimiza miaka 50.

Njia ya jadi ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Siku 365 ni majuma 52 na siku 1. Kwa hiyo kila mwaka ukipita, saa ya kurudi kwa jua husogea mbele kwa siku 1 katika juma, pamoja na ile robo ya siku na ziada yake. Kwa kipimo cha kisasa cha mwaka wa nyota, msogeo huo ni siku 1, saa 6, dakika 9 na sekunde 10. Tunauzidisha kwa idadi ya miaka iliyotimia, yaani 50. Tunapata siku 62, saa 19 na dakika 38. Tunaondoa majuma kamili, ambayo ni 8, sawa na siku 56. Zinabaki siku 6, saa 19 na dakika 38. Tukiziongeza kwenye Alhamisi saa 3 asubuhi, tunafika Alhamisi saa 10 na dakika 38 alfajiri. Kalenda itatuonyesha kwamba Alhamisi hiyo ni tarehe 10 Machi 2016.

Hii ni hesabu ya wastani. Jua halisi huvutwa kidogo huku na huku, na programu za kisasa hukokotoa mahali pake hasa, hivyo jibu lao linaweza kupishana na letu kwa dakika kadhaa. Lakini misingi ni hiyo.

Sasa tuangalie mapokeo. Kitabu cha kale cha falaki ya Kihindi, Surya Siddhanta, huupa mwaka siku 365, saa 6, dakika 12 na sekunde 37. Wanajimu wa jadi hawakutumia saa zetu. Waligawanya siku katika ghati 60 za dakika 24 kila moja, na ghati katika pala 60 za sekunde 24. Kwao msogeo wa kila mwaka ni siku 1, ghati 15 na pala 31 na nusu. Ni namba inayofundishwa na kukaririwa. Imezidi kipimo cha kisasa kwa dakika 3 na sekunde 27 tu. Je, ziada hiyo ina uzito?

Zidisha kwa 50. Utapata saa 2 na dakika 52. Kwa kipimo hiki cha jadi, jua la mtu wetu lilirudi Alhamisi ileile, lakini saa 1 na nusu asubuhi. Na tukiwafuata wanajimu wa mwaka wa majira, tutapata Jumatano, tarehe 9 Machi 2016, saa 5 na dakika 38 mchana. Mtu mmoja, kuzaliwa kumoja, majibu matatu.

5. Usiku au mchana

Tuyaache majibu ya Ulaya, tubaki na yale mawili ya Kihindu. Tarehe 10 Machi jua la Singida huchomoza karibu saa 12 na dakika 48 asubuhi. Basi jibu la kwanza, la saa 10 na dakika 38, liko usikuni. Jibu la pili, la saa 1 na nusu, liko mchana. Kwa hesabu ya Kihindu ambayo siku huanza jua linapochomoza, la kwanza bado ni la Jumatano, na la pili tayari ni la Alhamisi.

Katika unajimu wa mwaka jambo hilo hubadili mengi. Kila mwaka wa mtu huwa na sayari moja inayoutawala. Tunaweza kuiita mwenye mwaka. Huchaguliwa miongoni mwa wagombea watano: mwenye buruji iliyokuwa ikichomoza mtu alipozaliwa, mwenye buruji inayochomoza jua linaporudi, mwenye buruji iliyofikiwa na kituo kiitwacho muntha, ambacho husogea buruji moja kila mwaka, mmoja anayetokana na mgawanyo wa buruji katika makundi ya tatu tatu, na wa tano ni yule wa mchana au wa usiku. Jua likirudi mchana, wa tano huyo ni mwenye buruji ya jua. Likirudi usiku, ni mwenye buruji ya mwezi.

Mwezi ulikuwa umelifunika jua siku moja nyuma, tarehe 9 Machi 2016, siku ambayo kupatwa kamili kulionekana Indonesia. Alfajiri ya tarehe 10 ulikuwa umeingia Hutu kwa kipimo cha Kihindu, ambayo mwenyewe ni Mushtari. Jua lenyewe lilikuwa Dalu, ambayo mwenyewe ni Zohali. Kwa wanajimu Mushtari ni sayari ya saada, na Zohali ni ya nuhusi. Kwa hiyo tofauti ya dakika 3 na sekunde 27 katika urefu wa mwaka imemwondoa mgombea mwema na kumweka mkorofi mahali pake. Zaidi ya hayo, buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo na mgombea wa pili naye anaweza kubadilika. Ni kweli kwamba mnajimu hupima nguvu za wagombea wote kabla ya kumteua mmoja. Lakini mteja anayeambiwa "mwaka huu unatawaliwa na Zohali" ana haki ya kuuliza: kwa mwaka wa urefu gani?

6. Saa ya Kiswahili na saa ya programu

Hadi hapa tumechukulia kwamba saa ya kuzaliwa inajulikana. Makosa yake huingia yote katika jibu: atakayekosea saa ya kuzaliwa kwa dakika 20, atakosea saa ya kurudi kwa jua kwa dakika 20 zilezile, na nyuzi inayochomoza hubadilika kila baada ya dakika 4 hivi. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa saa wala siku. Walizaliwa mwaka wa nzige au wakati wa palizi. Hiyo ni kumbukumbu yenye maana katika jamii, lakini haiwezi kuzaa ramani ya anga.

Hata palipo na kumbukumbu, lugha ina mitego yake. Mama akisema mtoto alizaliwa saa 3 asubuhi, mtu akaandika 3 katika programu iliyotungwa kwa saa za Kizungu, ameingiza saa 9 ya usiku. Amekosea kwa saa 6, na buruji inayochomoza imeruka nafasi tatu. Mtego wa pili ni usiku. Katika matumizi ya wazee wa Pwani, na katika hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwao ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao ofisini huitwa Alhamisi usiku. Anayesajili na anayesajiliwa wasipoelewana hapo, siku nzima imepotea.

Mtego wa tatu ni wa historia. Katika enzi ya ukoloni saa rasmi za Afrika Mashariki zilibadilishwa zaidi ya mara moja, na kwa kipindi fulani zilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, badala ya saa 3 za leo. Programu isiyolijua hilo itamkosea mzee kwa robo saa. Na mwisho kuna suala la mahali. Saa ya kurudi kwa jua ni moja duniani kote, lakini buruji inayochomoza hutegemea mtu anasimama wapi. Aliyezaliwa Singida akahamia Dar es Salaam amesogea mashariki kwa karibu nyuzi 4 na nusu, sawa na dakika 18 za jua. Wanajimu wenyewe hawajakubaliana kama ramani ichorwe kwa mahali pa kuzaliwa au pa kuishi.

7. Maneno yaliyosafiri njia moja

Sasa nirudi katika shamba langu. Unajimu wa kale wa Wahindu haukuwa na mfumo huu wa ramani ya mwaka kama tulivyoueleza. Waliupokea kutoka kwa wanajimu walioandika kwa Kiarabu, miongoni mwao Abu Mashar aliyefariki mwaka 886, ambaye alitunga kitabu juu ya tahawili ya miaka ya watu. Karne ya 13, Samarasimha wa Gujarat aliuandika kwa Kisanskriti. Mwaka 1587 Nilakantha alitunga kitabu kilichoenea kuliko vyote katika fani hii, na mwaka 1649 Balabhadra akakusanya mapokeo yote katika Hayanaratna, ambayo mtaalamu Martin Gansten wa Sweden aliihariri na kuitafsiri mwaka 2020. Wahindu hawakuficha asili ya elimu hii. Waliiita tajika, jina ambalo kwao lilimaanisha mambo ya Waarabu na Waajemi.

Tazameni walivyoyapokea maneno. Kiarabu kina neno sahm, lenye maana ya mshale au fungu, na wanajimu hulitumia kwa vituo vya anga vinavyopatikana kwa kujumlisha na kutoa, kama fungu la bahati. Kisanskriti kililifanya sahama. Kiswahili kililifanya sehemu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zilikuta konsonanti mbili zimebanana mwishoni mwa neno, na zote mbili zikazitenganisha kwa irabu, kisha zikafunga neno kwa irabu nyingine.

Qabul ya Kiarabu, yaani kupokea, ikawa kambula kwa Kisanskriti. Kwetu mzizi huohuo umetupa kubali na kibali. Lugha zote mbili hazina sauti ya q, na zote mbili zimeweka k. Ittisal, sayari mbili zinapokaribiana ili ziungane, ikawa itthashala. Kwetu mzizi huo umezaa wasili, wasiliana na mawasiliano. Insiraf, zinapogeuka na kuachana, ikawa isharapha. Mzizi wake, wenye maana ya kugeuza, ndio uliotupa neno sarufi, kwa sababu sarufi hushughulikia mageuko ya maneno. Naql, sayari moja inapobeba nuru ya moja kuipeleka kwa nyingine, ikawa nakta. Kwetu tuna nakala na nakili. Jam, mkusanyiko, ikawa yamaya; kwetu ni jamii na jumuiya, na sauti ya kooni imepotea huku na huku. Radd ikawa radda. Kwetu ni rudi. Muntaha, mahali pa ukomo, ikawa muntha, na Mwislamu yeyote anayeijua Sidratul Muntaha amekwisha kulisikia neno hilo. Tahawili yenyewe ni ndugu wa hawala, ambayo kwayo tunatumiana fedha.

Nimeyaorodhesha haya kwa sababu bado wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu za hesabu na anga kwa kuwa kimejaa maneno ya kukopa. Kisanskriti, lugha iliyosifiwa kwa usafi na yenye wanasarufi wa kale kabisa duniani, kilikopa istilahi za fani nzima, na hakuna aliyekidharau. Kukopa ni dalili kwamba wenye lugha walikuwa wakizungumza na walimwengu. Sisi tunazo buruji kumi na mbili kwa majina, kuanzia Hamali hadi Hutu. Tunazo Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Tunazo falaki na unajimu. Ni vyema kuyatenga hayo mawili ya mwisho. Falaki ihifadhiwe kwa elimu ya mwendo wa nyota, na unajimu kwa usomaji wa maana zake. Katika usemi wa kila siku kupiga falaki ni kutabiri, na umashuhuri wa watu kama marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, uliyafanya mambo hayo yaonekane kuwa kitu kimoja. Katika darasa yasiwe kitu kimoja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kurudi kwa jua ni jambo la hakika, kwamba linaweza kuhesabiwa kwa kuzidisha na kujumlisha, na kwamba hatukulazimika kutoka nje ya Kiswahili kulieleza. Tumeona pia kwamba ramani ya mwaka inaning'inia kwenye mambo manne: urefu wa mwaka uliochaguliwa, usahihi wa saa ya kuzaliwa, saa rasmi ya wakati ule, na mahali. Likitikisika moja, mwenye mwaka anaweza kubadilika kutoka Mushtari kuwa Zohali.

Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Mtu wa mfano wetu ana asubuhi mbili, moja kabla ya jua kuchomoza na moja baada yake, na hesabu peke yake haiwezi kumwambia ipi ni yake. Akiletewa habari kwamba mwaka wake ni wa nuhusi, na kwamba itabidi atoe kitu ili auokoe, na aulize maswali manne hayo kwa Kiswahili chake. Asipojibiwa, asitoe kitu.

Kwa walimu wa Mkoa huu ninaacha ombi moja. Machi ijayo, karibu na tarehe 8, simamisheni fimbo uwanjani kabla ya saa 7 mchana, na wanafunzi waandike kwa Kiswahili kile watakachokiona.